Dokumentesheni ya databesi ituambie data yetu itapatwa na nini

Kwa maoni yangu dokumentesheni ya databesi kusema kweli tu haitoshi, inatakiwa iiseme hiyo kweli pale mtu anapoihitaji na kwa namna ambayo anaelewa data yake itapatwa na nini. Sisi tunaofunga mifumo huku Mbeya na Songwe, kwenye AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), maduka ya dawa na saccos, hatuna idara ya wataalamu ya kuuliza, tuna ule ukurasa wa dokumentesheni tu, sasa ukurasa ukiwa na utata anayeumia mwishoni ni mkulima.

Chukua MySQL, moja ya programu za databesi. Kabla ya toleo la 8.0.16, lililotoka Aprili 2019, ulikuwa ukiweka sharti la CHECK, yaani kanuni ya kukataa data isiyofaa, kwenye jedwali seva inapokea komandi yako vizuri, haileti kosa, halafu hilo sharti inaachana nalo kabisa. Na dokumentesheni ilisema, haikudanganya, iliandika kwamba CHECK inasomwa lakini inapuuzwa. Ila ni kasentensi kafupi ndani ya ukurasa mrefu kweli kweli wa kutengeneza jedwali.

Sasa kuna AMCOS moja ya kahawa Mbozi, mfumo wao ulikuwa kwenye toleo la 5.7 la MySQL, na kijana aliyeutengeneza ni mtu makini, aliweka sharti kwamba kilo za kahawa mbivu kwa kila mzani zizidi sifuri na zisivuke 500. Msimu umekolea, wakulima wamejaa pale nje na magunia, karani anataka kuandika 480 kidole kinarudia sifuri inakuwa 4800, mfumo kimyaa, umepokea. Wamekuja kushtuka wakati wa kupiga hesabu za malipo. Kijana akanipigia, "Kaka, sharti niliweka, imepitaje hii?" Tukafungua ukurasa pamoja tukaikuta ile sentensi imekaa pale. Aisee iliniuma, maana huyu alisoma, akaona namna ya kuandika sharti, akaandika, ikakubali, hapo angejuaje tena?

Ile sentensi inaeleza seva inafanya nini. Mwenye mzani alihitaji kuambiwa hivi: data mbovu itaingia na hutaona kosa lolote, kwa hiyo zuia kwenye programu yako au weka triga, yaani komandi inayojiendesha yenyewe data inapoingia. Na iandikwe palepale CHECK inapoonyeshwa, sio aya kibao mbele yake.

Kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko yote, vitu vinavyoharibika kimya. Kosa linalopiga kelele utalitafuta utalipata, lakini hili la kimya linakaa miezi. SQLite, databesi nyingine, nayo ina la kwake, ulinzi wa foreni kii (kiungo kati ya jedwali moja na jingine) kwa kawaida umezimwa mpaka uuwashe kwa komandi ya PRAGMA kila unapofungua muunganisho, unaweza kufuta mkulima na rekodi za mizani yake zikabaki zinaelea bila mwenyewe. PostgreSQL, databesi nyingine tena, ukichukua bakapu kwa komandi ya pg_dump unapata databesi moja, wale watumiaji wa seva na nywila zao hawamo, hao unawachukua kwa pg_dumpall. Yote haya yameandikwa jamani, ila msomaji anayakuta akiwa ameshaungua.

Halafu matoleo. Vijana wengi wanadownload PDF mara moja, bando lenyewe la kuungaunga, halafu inazunguka kwa flashi chuo kizima, mtu anasoma maelezo ya toleo jipya wakati mashine ya ofisi ina la zamani, au kinyume chake. Mimi nataka kila jambo lililobadilika liandikiwe limebadilika toleo gani, hapohapo kwenye sentensi. PostgreSQL hapa nawapongeza, juu ya kila ukurasa wameweka orodha ya matoleo, unabonyeza la kwako unaletewa ukurasa uleule wa toleo hilo. Wengine waige tu, hakuna aibu.

Na sisi watumiaji tuache kulalamika WhatsApp peke yake. Chini ya kurasa za dokumentesheni ya PostgreSQL kuna fomu ya kuripoti, na wameandika wazi kwamba hata kama kitu hakiendani na ulichokiona wewe au kinahitaji ufafanuzi zaidi unaruhusiwa kutuma, kwa hiyo sio lazima uwe bingwa. MySQL wana mfumo wao wa kuripoti hitilafu na dokumentesheni ina kundi lake mle ndani. Ukiandika usiseme tu "haieleweki", taja toleo lako, nakili sentensi iliyokukwaza, weka komandi uliyoendesha na majibu yaliyotoka, halafu pendekeza sentensi yako mwenyewe ambayo ingekuokoa. Kiingereza kikiwa cha kuungaunga tuma hivyohivyo, komandi na majibu yake vinajieleza.