Zabbix ni ya bure, ila nani ataamka usiku?

Kila msimu wa bajeti hoja ni ile ile. Mhasibu anaweka mezani ankara ya kuhuisha leseni ya mfumo wa kufuatilia mtandao na seva. Fundi, akiikumbuka Zabbix, mfumo wa aina hiyo hiyo usio na ada, anauliza, "Tulipie ya nini wakati Zabbix ipo bure?" Meneja anajibu kwamba cha bure kikiharibika hakina wa kumpigia simu. Nimewahi kukaa upande wa fundi, na baadaye nikakaa upande wa meneja. Siku hizi naona wote wawili wanagombania leseni, na leseni ndiyo sehemu ndogo ya shauri hili.

Hata hivyo ankara hiyo haikuzuka hewani. Mifumo mingi ya kulipia hutoza kwa kila seva, au kwa kila kitu kinachopimwa. PRTG, mmojawapo, huhesabu vihisi: kipimo kimoja, kihisi kimoja, na asiyelipa hupewa 100. Swichi ya milango 48, ukipima trafiki ya kila mlango, imeshakula karibu nusu ya mgao huo. Ubaya wake hauishii kwenye pesa. Watu huanza kubana vipimo. Halijoto ya chumba cha seva inaachwa, milango "isiyo muhimu" inaachwa, na siku balaa likija linapitia huko huko. Hapa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, kama Zabbix, zina hoja nzito ambayo hata watetezi wake huisahau: kipimo kisipokuwa na bei, mtu hupima anachotaka kujua badala ya kupima anachomudu.

Wala mifumo huria ya ufuatiliaji si vitu vya kuchezea. Nagios ilianza mwaka 1999 ikiitwa NetSaint. Zabbix, kazi ya Alexei Vladishev wa Latvia, ilitoka hadharani 2001. Prometheus ilizaliwa ndani ya SoundCloud mwaka 2012, na 2016 ikawa mradi wa pili kupokelewa na Cloud Native Computing Foundation, taasisi inayolea miradi huria, baada ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi. Baadhi ya waliochoshwa na mwendo wa kuendelezwa kwa Nagios waliuchukua msimbo wake mwaka 2009 wakaanzisha Icinga, neno la Kizulu lenye maana ya "inatafuta", jambo linalonifurahisha kila nikiliona katikati ya majina haya ya Kigiriki. LibreNMS nayo ilichipuka kutoka Observium mwaka 2013. Mwenye mradi akilala, wengine wanaweza kuuendeleza. Kampuni ya programu iliyofungwa ikiamua kuua bidhaa, mteja anabaki na kitabu cha maelekezo.

Lakini uhuru huo nao una wenyewe. Januari 2021 Elastic ilitangaza kuziondoa Elasticsearch na Kibana, programu zake za kutafuta na kuonyesha data, kwenye leseni huria ya Apache, Amazon ikajibu kwa nakala yake huria, OpenSearch, na mwaka 2024 Elastic ikarudisha chaguo la leseni huria, safari hii AGPL. Grafana, programu ya kuchora grafu za vipimo, ilihamia AGPL mwaka 2021, Zabbix ikafuata kwa toleo la 7.0 mwaka 2024. Kwa anayefuatilia seva zake mwenyewe, AGPL haimbadilishii kitu. Anayeurekebisha msimbo na kuwapa wengine huduma kupitia mtandao ndiye analazimika kuwapa watumiaji wake marekebisho hayo. Sioni hila hapo, ila anayedhani leseni ya leo ni ahadi ya milele asome tena.

Sasa nije kwenye gharama isiyoonekana kwenye ankara. Niliwahi kurithi mfumo ambao grafu za trafiki zilipendeza mno. Kiungo kikuu cha gigabiti 1 kwa sekunde kilionyesha megabiti themanini, tisini, mia na kidogo, huku watumiaji wakilia kwamba mtandao umekufa. Tulilaumu programu, tukalaumu ruta, tukawalaumu na watumiaji wenyewe. Kosa lilikuwa kwenye kaunta. Usanidi ulionakiliwa kutoka mfumo mkongwe ulikuwa ukisoma, kupitia SNMP (njia ya vifaa vya mtandao kutoa vipimo vyao), kaunta ya biti 32 ya baiti zilizopita, ambayo hujaa ikifika baiti 4,294,967,296 na kuanza tena sifuri. Kiungo cha gigabiti 1 kikijaa, kaunta hiyo huzunguka kila baada ya sekunde 34 hivi. Sisi tulikuwa tukiisoma kila dakika tano. Piga hesabu: kwa mwendo huo grafu haiwezi kamwe kuonyesha zaidi ya megabiti 115 kwa sekunde, hata kiungo kingekuwa kinatoa moshi. Dawa ilikuwa kuhamia kaunta ya biti 64, kazi ya dakika kumi. Kujua kwamba hiyo ndiyo dawa kulituchukua wiki.

Mtetezi wa mifumo ya kulipia atasema: umeona? Na ana haki kiasi. Bidhaa nzuri ya kununua humchagulia mtu kaunta sahihi bila kumuuliza. Ila violezo vya sasa vya Zabbix, yaani mipangilio iliyoandaliwa tayari, navyo hufanya hivyo hivyo; tulioumia ni sisi tuliobeba faili la zamani bila kulisoma. Programu huria humruhusu mtu kufanya kila kitu, na makosa yamo. Prometheus, usipoigusa, huhifadhi data kwa siku 15 tu. Imeandikwa wazi kwenye maelezo yake, lakini wengi huligundua hilo siku bosi anapoomba ripoti ya miezi mitatu.

Kuhusu usalama, kila upande una kidonda chake. Desemba 2020 ilifichuka kwamba wadukuzi walikuwa wamepenyeza msimbo wao ndani ya masasisho ya Orion, mfumo wa ufuatiliaji wa SolarWinds, na wateja wapatao 18,000 wakayapokea wakiamini ni masasisho halali. Orion ilikuwa ya kulipia, iliyofungwa, na ya kampuni yenye jina. Mfumo wa ufuatiliaji ni windo nono kwa sababu unashika funguo za nyumba nzima. Upande wa pili, Cacti, programu huria ya grafu za mtandao, ilikutwa mwaka 2022 na udhaifu uliomruhusu mtu asiyeingia hata kwa nywila kuendesha amri kwenye seva, na washambuliaji hawakuchelewa kuutumia. Kiraka kilitoka. Waliokichelewesha walikuwa ni wale wale waliosakinisha "cha bure" na kukisahau.

Kisa kinachonikaa zaidi akilini ni cha xz, Machi 2024, ingawa xz ni programu huria ya kubana data, si ya ufuatiliaji. Mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwenye seva kwa mbali (kwa SSH) kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida, akachimba, akakuta mlango wa siri umepandikizwa. Aliweza kuchimba kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Lakini ilihitaji mtu mmoja asiyevumilia nusu sekunde, na sijui ofisi ngapi zinaweza kujivunia kuwa naye.

Waswahili wanasema mganga hajigangi. Ijumaa moja usiku, seva yetu ya ufuatiliaji ilijaza diski kwa historia ya vipimo, hifadhidata ikasimama. Kwa siku mbili simu haikulia hata mara moja, nasi tukadhani tumejaliwa wikendi tulivu. Jumatatu asubuhi tulikuta seva mbili za programu zimelala tangu Jumamosi. Watumiaji wa Prometheus wana ujanja mzuri kwa hili: kengele inayoitwa Watchdog, ambayo hulia muda wote kwa makusudi na kupelekwa kwenye huduma iliyo nje ya mfumo. Ikinyamaza, ndipo watu huamshwa. Ujanja huu hauuzwi, lakini haujipangi wenyewe, na lazima mtu awe ameufikiria kabla ya Ijumaa.

Kwa hiyo ningeulizwa leo, jibu langu lingetegemea idadi ya mikono. Penye fundi mmoja ambaye pia hutengeneza printa na kubadilisha nywila za watu, ningenunua huduma inayoendeshwa na wengine, na nisingeona aibu. Penye watu watatu wanaoweza kupokezana zamu, ningechukua Zabbix au Prometheus na Grafana, na sehemu ya fedha ya leseni ningeipeleka kwenye mafunzo na mkataba wa msaada. Hoja ya meneja kwamba hakuna wa kumpigia simu haisimami: kampuni ya Zabbix inaishi kwa kuuza msaada huo huo.

Na kabla ya kusaini chochote, kuna jaribio ninalolipenda. Jumanne mchana, bila kumwambia mtu, chomoa waya wa umeme wa seva ya ufuatiliaji, kisha uhesabu dakika hadi wa kwanza atakapouliza kuna nini.