Shangazi Kanisikia Kutokea Akihabara

Kwanza tuelewane: sikulia. Ile video mnayorushiana, mkisema nimelia jukwaani, imekatwa mwanzo na mwisho, na kinachong'aa shavuni mwangu ni jasho. Mwezi wa saba, Tokyo, ghorofa ya juu ya jengo jembamba la Akihabara, mtaa wa maduka ya gemu na elektroniki, watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Nani asingetoka jasho? Aliyeisambaza mnamjua. Simtaji jina kwa sababu bado naishi naye na wiki hii zamu ya kupika ni yake.

Sasa pokeeni toleo halali.

Jumapili iliyopita kulikuwa na tamasha la mashabiki wa Famicom, ile mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye runinga. Nintendo waliitoa tarehe 15 Julai 1983, kwa yen 14,800, kwa hiyo mwezi huu muuza gemu za zamani hakosi kisingizio cha kutundika mabango. (Siku ileile washindani wao Sega nao walitoa mashine yao ya kwanza ya nyumbani, SG-1000. Nilimkumbusha jamaa mmoja kwenye foleni. Hakunisemesha tena.)

Tamasha lenyewe ni biashara, tusidanganyane. Unapewa stika na kofia ya karatasi, unacheza bure, halafu mlango wa kutokea umepangwa upite katikati ya rafu za kaseti zenye bei. Walianza na shindano la kubonyeza kitufe. Wazee wa kazi mnamjua Takahashi Meijin wa Hudson, kampuni ya kutengeneza gemu, yule aliyevuma kuanzia 1985 kwenye mashindano yao ya Caravan yaliyozunguka Japani nzima, watoto wakifurika kumwona akibonyeza mara 16 kwa sekunde. Mpaka uvumi ukaenea kwamba kaficha springi ndani ya pedi. Basi wakatuwekea kile kidude cha Hudson kinachohesabu umebonyeza mara ngapi kwa sekunde 10. Kwa kasi ya Takahashi ni 160. Mimi 90 sikuziona, na kidole kikafa ganzi. Nyuma yangu katoto ka darasa la tatu kakanipita huku kananitazama usoni.

Hiyo tuiache. Mimi nilikuwa nangojea vifaru.

Wa rika langu hapo Tabata, Dar, mtanishuhudia. Hatukujua kama kuna kitu kinaitwa Famicom. Kwetu ilikuwa gemu la kaseti, lile feki la Mchina, na kaseti ya njano iliyoandikwa 9999 halafu ukiiwasha gemu zinajirudia zilezile chache. Battle City ya Namco sisi tuliita gemu la vifaru, na kwenye vifaru, bila kujisifu, mtaani hapakuwa na wa kunigusa. Niliwahi kuachiwa pedi na watu wakubwa wenye ndevu. Kwa hiyo mtangazaji alipoomba mtu wa kucheza na bingwa wao, nilishafika jukwaani kabla hajamaliza sentensi.

Bingwa wao ni mzee, kofia nyekundu, kaptula, soksi zimevutwa mpaka magotini. Akaniinamia, nikamwinamia. Yeye akachukua pedi ya kwanza, kifaru cha njano. Mimi ya pili, kifaru cha kijani. Cha kwanza nilichokiona ni kwamba pedi yangu haina START wala SELECT. Nikasema moyoni, hawa wamenipa mbovu ili mzee wao ashinde. Cha pili, waya mfupi mno, na haukuchomekwa kwa mbele kama ya kwetu, umetokea mgongoni mwa mashine yenyewe. Hayo yote nikayaona nikayapuuza. Shikilieni hapo.

Inabidi niwaingize kidogo kwenye mambo ya ukoo. Mtoto wa mama mdogo anaoa. Kamati imeundwa, mweka hazina ni shangazi, na shangazi tangu zamani hajawahi kupoteza hata shilingi ya mtu wala kumsahau anayedaiwa. Ahadi yangu ilikuwa laki tatu. Niliwaambia huku mambo magumu, mshahara haujaingia.

Turudi jukwaani. Raundi ya kwanza nikampiga mzee. Vifaru vya adui tulivyolipua vinahesabiwa pale kwenye skrini, ti-ti-ti-ti, vyangu vingi, nakula na bonasi ya 1,000. Watu wanashangilia. Jamaa yangu, yule ninayeishi naye, yuko chini ya jukwaa, simu kainyanyua, aliniambia ananipiga picha. Raundi ya pili inaanza, nishajiachia, ndipo akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, vipi, kamati wamekutafuta tena?"

Nasema alijua anachofanya. Yeye anaapa hakujua.

Nikainama upande wake. Na kwa kuwa mimi ni mstaarabu, nisiongee mbele za watu mdomo wazi, nikainua pedi nikaziba nayo mdomo, kama kocha anayempa mchezaji maelekezo na hataki kamera zimsome.

Nikasema: "Achana nao. Mshahara umeingia tangu tarehe 25. Ndio nilionunulia ile Twin Famicom nyekundu ya Sharp. Shangazi akikupigia, mwambie niko zamu ya usiku."

Sasa, jambo moja kuhusu Battle City. Ule muziki ni wa mwanzo tu. Ukishaanza kucheza hakuna muziki, kuna muungurumo wa vifaru basi. Katika muungurumo ule nikasikia kwenye spika za ukumbi mtu anaongea Kiswahili.

Nawaambia ukweli, nilifurahi. Miezi inapita huku husikii lugha yako mpaka upige simu nyumbani. Nikasema, eh, kumbe tupo wengine humu! Sauti yenyewe inakoroma kidogo, ya mtu asiye na adabu sana, lakini ya nyumbani. Nikanyamaza nimsikilize. Naye akanyamaza.

Nikauliza, pedi bado iko mdomoni: "Nani huyo?"

Spika: "Nani huyo?"

"Wewe wa wapi, ndugu?"

"Wewe wa wapi, ndugu?"

Kifaru changu kimesimama katikati ya matofali kinapigwa risasi, mimi natafuta ndugu ukumbini. Mzee wa kofia nyekundu kaacha kucheza ananitazama. Ukumbi mzima umenyamaza, halafu ukalipuka kwa kicheko na makofi. Mtangazaji anarukaruka kwa furaha, ananyoosha kidole kwenye mkono wangu. Nikashusha pedi nikaitazama. Pale ambapo START na SELECT zingekuwa, pana vitundu vidogovidogo vimepangwa mraba. Chini yake kuna kitelezo cha sauti, kimesukumwa mpaka mwisho.

Ndugu zangu, pedi ya pili ya Famicom ina maiki. Tangu 1983. Unachosema kinatokea kwenye runinga, na runinga ile ilikuwa imeunganishwa na spika za ukumbi. Kuna magemu unatakiwa upige kelele ndani ya pedi: kwenye gemu la Zelda, lile la diski, yale madude yenye masikio marefu yanakufa kwa kupigiwa ukelele. Kila Mjapani wa umri wa yule mzee anajua hilo. Walidhani nawatania kwa makusudi, kwamba mgeni kajiandaa. Mchina wetu wa Tabata maiki hakuiweka. Angalau angeandika kwenye boksi.

Hata hapo sikushtuka sana. Nikasema, Wajapani hawa nani kaelewa? Nikageuka kumcheka jamaa yangu tucheke wote. Hakucheka. Uso ulikuwa umemtoka rangi, na taratibu, kama anayekabidhi barua ya msiba, akanigeuzia simu.

Hakuwa anapiga picha. Alikuwa laivu.

Huku Tokyo saa tisa alasiri, Dar saa tatu asubuhi, Jumapili, watu wametoka ibada ya kwanza wana chai na vitumbua, simu mkononi. Naona mioyo inapanda pembeni ya kioo. Naona binamu kaandika "hahahaa", na mwenyekiti wa kamati kaweka nukta tatu peke yake. Halafu ikapanda ya shangazi, mimi macho yangu yanaisoma neno kwa neno: "Tumekusikia baba. Tena vizuri sana."

Nikasimama.

Waya ule mfupi mnaukumbuka? Nilisimama nikiwa bado na pedi, na mashine nayo ikasimama. Ikateleza mezani, kaseti ikayumba, matofali kwenye skrini yakageuka herufi, spika zikatoa "eeeeeee" isiyokatika. Famicom ya watu iko hewani. Mzee wa soksi akaruka kutoka kwenye kiti, akaidaka kwa mikono miwili kifuani kama golikipa wa kulipwa, akatua kwa goti. Ukumbi ukasimama kumpigia makofi. Akaniinamia nayo ikiwa kifuani. Nikamwinamia. Mtangazaji akatuinamia sote. Nadhani hapo ndipo jasho liliponiingia machoni, na ndicho kipande jamaa alichokichagua kusambaza.

Mengine mafupi. Mashine haikuharibika. Nilipewa stika nyingine. Laki tatu nilituma nikiwa bado kwenye ngazi, shangazi akajibu "na ya kutolea", nikatuma na ya kutolea. Kikao cha jioni kikanipandisha ahadi hadi laki tano bila mimi kuwepo, na kumbukumbu za kikao zinasema niliridhia kwa sauti.

Na nyie mnaonifuata pembeni kuniuliza kama ile nyekundu ya Sharp naiuza nilipie deni: siuzi. Inapokea kaseti na diski kwa pamoja, ni ya 1986, na mkanda unaozungusha diski nimeubadilisha juzi kwa mkono wangu mwenyewe.