Hata Kadi Nayo Inadaiwa Kadi

Nimeisogeza hatua moja tu. Moja! Nilitaka kunywa chai mezani kama binadamu wengine, nikaibeba laptopu kutoka dirishani, na kabla kikombe hakijafika mdomoni waifai ikakata. Basi nimerudi dirishani. Chai nimeiweka kwenye kizingiti, na kuku wa jirani anaitazama kwa jicho la upande.

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, nimezima na kuwasha. Ndiyo, ile swichi ndogo ya pembeni nimeiangalia, ambayo kila mwenye mdomo hunikumbusha kana kwamba ni yeye aliyeigundua. Ndiyo, draiva, ile programu inayoiendesha waifai, nimeifuta nikaiweka upya. Hayo tuliyamaliza wiki mbili zilizopita, siku laptopu ilipoamka ikadai kwamba Tabata nzima haina mtandao. Simu ipo pembeni yake inaona mitandao kumi na moja, ukiwemo wa nyumba ya tatu unaoitwa "Nunua Yako". Laptopu haioni hata mmoja.

Mashine yenyewe ni ya mwaka 2012. Niliinunua ikiwa imetumika, na aliyeniuzia aliapa kwamba ilikuwa ya Mzungu mmoja aliyeitumia kusomea barua pepe tu. Herufi M haibonyezeki. Betri inakaa dakika tisa. Lakini ndiyo iliyobeba orodha ya michango, na mimi ndiye katibu wa kamati ya harusi ya binti wa kaka yangu. Kwa hiyo ile si laptopu, ni ofisi.

Nikampigia mpwa wangu, yule tuliyemsomesha kompyuta. Akanisikiliza, akashusha pumzi kama daktari, akasema: "Anko, ile kadi ya ndani inayokamata waifai imekufa. Tafuta kadi."

Mtu akikutajia kadi katika mji huu mwili wenyewe unajibu. Droo yangu ina kadi tano za michango, moja ni ya kipaimara cha mtoto nisiyemjua wa mtu nisiyemjua sana. Nikisikia "kadi" mkono unakwenda wenyewe kuziba mfuko. Nikakaza moyo, nikachukua karatasi, nikaandika: KADI YA WIFI, 40,000. Nikaiacha mezani nikaenda kuoga. Naingia sebuleni na taulo, mke wangu kasimama na karatasi mkononi.

"Wifi yangu yupi anaolewa tena? Na mbona mimi sijaambiwa?"

Dada zangu wote wameolewa, mmoja amefikia hatua ya kumchoka mumewe. Ilibidi nimpigie mpwa tena aje kutoa ushahidi kwenye spika, mimi bado nadondoka maji.

Mpwa akatupa njia mbili. Ya kwanza ni kile kidude cha kuchomeka kwenye USB, kidogo kama ukucha, elfu kumi na tano. Kwenye boksi kimeandikwa megabiti 150 kwa sekunde, mwendo utakaoupata siku mkibaki wawili duniani, wewe na ruta. Kinakuja na sidii ndogo ya draiva, na mlango wa sidii wa laptopu yangu ulitangulia mbele ya haki kabla ya kadi. Draiva nyingine ipo kwenye intaneti. Intaneti ndiyo hiyo ninayoitafuta! Hilo lingevumilika, maana simu ukiichomeka kwa waya laptopu inakula bando lake mpaka draiva ishuke. Tatizo langu ni matundu. Yako matatu. La kwanza mwanangu alililisha ugali akiwa na miaka mitatu. La pili limelegea. La tatu linakaliwa na kibodi ya nje, kwa sababu ya ile M. Nikiichomoa nichomeke waifai, naweza kutuma barua ila siwezi kuandika "mchango". Itasomeka "chango", na chango ni ugonjwa wa tumbo.

Kwa hiyo njia ya pili: kadi ya ndani. Nikachukua elfu hamsini ambayo, tuseme ukweli, ilikuwa ahadi yangu mwenyewe kwenye harusi ile ile. Katibu naye ni binadamu.

Nikaenda Kariakoo nimevaa shati la kikao, ili nisionekane mtu wa kuuziwa. Mtaa wa Aggrey, hatua tatu, nimeshaitwa mkuu, bosi, mjomba na baba lao. Nikasimama kwenye kibanda cha kioo chenye upana wa kabati la vyombo, ndani yake kijana, simu tatu na feni.

"Karibu mzee wangu. Unachukua nini?"

"Natafuta kadi."

"Single au dabo?"

Nikaganda. Naapa nilidhani ni mjumbe wa kamati nyingine. Nikajikuta nauliza kwa sauti ya kikao: "Single mmepanga shilingi ngapi?"

"Elfu ishirini. Dabo thelathini na tano."

"Ukumbi gani huo wa rahisi namna hiyo? Sisi single hamsini, dabo laki."

"Laki! Mzee wangu, nani amekuuzia kadi kwa laki? Umepigwa!"

Tukaenda hivyo dakika nzima, kila mmoja akimhurumia mwenzake, mpaka nikaweka laptopu juu ya kioo na maelewano yakapatikana. Kumbe single ni bendi moja ya masafa, gigahezi 2.4: inakwenda mbali, inapenya ukuta, ila majirani wote wamejazana humo pamoja na Bluetooth na oveni za maikrowevu. Dabo inaongeza gigahezi 5: ina kasi na kuna nafasi, lakini ikikutana na kuta mbili za tofali inakata tamaa. Nikasema dabo. Sikuona katibu akichukua single.

"Basi chukua hii ya moto. AX201, waifai 6."

Hapo nilikuwa tayari. Mpwa alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne: anko, ukipewa AX201 kimbia, hiyo nusu ya kazi yake imeachiwa prosesa, ule ubongo wa mashine, na inataka prosesa za Intel za kizazi cha kumi kwenda mbele. Ya kwako ni ya kizazi cha tatu. Nikamrudishia kijana kadi yake kwa vidole viwili.

"Kijana, hii inataka prosesa ya kizazi cha kumi."

Akanitazama upya, kichwa mpaka shati. "Aisee! Mzee kumbe fundi!"

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Ningekaza uso yangeisha, lakini nilitabasamu, na tangu dakika ile kila alichosema nilikuwa naitikia kwa kichwa kama mhitimu. Akatoa AX200, hiyo haina habari na prosesa. Nikaitikia. Akafungua tumbo la laptopu, skrubu kumi na moja kwenye kifuniko cha chupa ya maji. Nikaitikia. AX200 ni ya umbo jipya, M.2, milimita 22 kwa 30. Tundu la laptopu ya 2012 ni la mini PCI Express, kadi yake fupi ina upana wa milimita 30, urefu wa karibu 27, na meno 52. Hazioani hata kwa sherehe. Kijana akaigandamiza kwa gumba.

"Inakubali hii, imekaza tu kidogo."

Nikaitikia! Muuza soksi aliyekuwa anapita ndiye aliyesema, "Bro, hiyo haiingii, utavunja mali ya mzee." Alishasimama. Nyuma yake mama wa maembe. Nyuma yake mtu asiye na shughuli yoyote, ambaye Kariakoo haimkosi.

Ikatolewa ya tatu, Intel 7260, umbo la zamani, bendi mbili. Ikakaa kwenye tundu kama iliyozaliwa humo. Watu wakapumua. Zikabaki waya mbili za antena, nyeusi na nyeupe, kila moja ina kichwa cha shaba kama punje ya mtama, unatakiwa kukilenga juu ya kitako chake kisha ukandamize. Nyeupe: tiki. Nyeusi ikateleza. Akailenga tena, ikateleza. Akazima feni ili asitetemeke. Mama wa maembe akasema jaribu kwa ukucha. Muuza soksi akasema jaribu kwa bisibisi. Yule asiye na shughuli akasema yeye angeweza, ila leo hakuja na miwani. Kijana akainama mpaka pua ikagusa, akakandamiza, tukasikia sauti ambayo haikuwa tiki.

Punje ilikuwa kwenye kidole chake.

"Haina shida, mzee. Hata moja inatosha."

Akawasha. Tukainama wote watano. Laptopu ikalia pi, pi, kisha skrini nyeusi na maandishi meupe. Muuza soksi, ambaye kumbe Kizungu kimemlala, akatusomea kwa sauti ya hakimu: kuna kadi ya mtandao isiyoruhusiwa, zima mashine uitoe.

Kijana akaitoa, akaifuta kwenye suruali, akairudisha. Pi, pi. Akaigeuza laptopu kichwa chini, akaipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Pi, pi. Mara ya nne akanyoosha mgongo akasema kwa huzuni kabisa, "Mzee wangu, hii mashine ina wivu. Haitaki mke wa pili."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mpwa, ambaye sasa alikuwa hewani kwenye spika mbele ya umati, alikuwa ananieleza jambo ambalo angeweza kunieleza asubuhi. Kwamba kuna makampuni, na iliyotengeneza ya kwangu siitaji, yaliyoweka orodha ndani ya BIOS, ile programu ya kwanza kuamka unapowasha. Kadi ambayo namba yake haimo kwenye orodha, mashine haiendelei. Iwe nzima, iwe mpya, iwe ya kampuni kubwa kuliko zote.

Yaani mlinzi wa ukumbi! Suti nyeusi, karatasi mkononi, mlangoni. Namjua mlinzi huyo, mimi ndiye humkabidhi hiyo karatasi. Na sasa amekaa ndani ya laptopu yangu, ananiambia mimi katibu kwamba kadi yangu haina kadi! Mashine nimeinunua mimi. Umeme nalipa mimi. Kadi nimeinunua kwa fedha yangu (ya harusi, lakini fedha). Miaka yote hiyo nimekuwa naipangusa vumbi kwa kitambaa laini, nakosa usingizi ikipata joto, na yenyewe muda wote ina orodha ya watu inaowataka, na haikuniambia! Nilisema hayo yote kwa sauti. Nadhani niliipiga meza. Mama wa maembe alinipa embe, na hakutaka hela.

Fedha hairudi, hilo mnalijua. Nilibadilishiwa kwa flashi mbili na chaja ya simu ambayo sina simu yake.

Nauli ilinitosha, ila niliona aibu kurudi nyumbani na laptopu na kifuniko cha skrubu. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima, ghorofa ya tatu, ngazi za giza. Hakuniita mkuu wala bosi. Alisoma stika ya kadi yangu iliyokufa, akafungua kopo la maziwa ya unga lililojaa kadi, akachambua kama anayechagua mchele, akatoa moja iliyong'olewa kwenye maiti ya laptopu kama yangu, namba ya kiwandani ile ile. Elfu kumi. Single. Mashine ikawaka bila pi hata moja. "Stika unayo tangu nyumbani," aliniambia. "Ulipitia wapi?" Nikasema nilipitia sokoni mara moja kununua embe.

Ile waya nyeusi alisema ningeiacha mpaka siku nyingine, kichwa chake hakishonwi, inabidi antena nzima ibadilishwe na skrini ifunguliwe. Na skrini yenyewe, alisema akiitikisa kidogo, tusiiguse.

Ndiyo maana niko dirishani. Ruta ipo kwa mwenye nyumba, ng'ambo ya banda la kuku; ninachangia elfu kumi kwa mwezi. Kwa antena moja napata vijiti viwili hapa, kimoja kwenye kochi, na mezani sipati kitu. Nimehamishia ofisi yote hapa: kibodi, miwani, orodha. Kutwa nzima uso wangu uko nje.

Sasa huyu jirani wa kuku aliahidi dabo. Laki moja, mbele ya kikao cha pili, akapigiwa makofi na vigelegele, na tangu siku hiyo kila nikimpigia simu huwa yuko safarini. Mimi wala sikumwazia. Lakini akitoka asubuhi na kopo la pumba ananikuta dirishani, nimekodoa macho upande wake, mkono kwenye kibodi. Akitoka mchana, nipo. Jioni, nipo, na taa. Siku ya tatu akaanza kulisha kuku usiku kwa tochi. Kuku wakachanganyikiwa, jogoo mmoja sasa anawika usiku, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili. Juzi ikaingia elfu thelathini bila salamu. Jana ishirini. Mwenyekiti amenipigia kuniuliza natumia mbinu gani, maana kwake watu wanabadilisha hadi laini.

Na leo nilipoihamishia laptopu mezani kwa ajili ya chai, nilimsikia kabisa ametoka uani, anapiga mluzi, anaita kuku wake mmoja mmoja kwa raha. Niliporudi kukaa, mluzi ulikatika katikati ya wimbo. Sijamsemesha. Nimepandisha miwani, nikafungua ukurasa wa ahadi, nikabonyeza kibodi kwa nguvu kidogo ili asikie. Chai ameimaliza kuku.