Kiswahili, Kiingereza na Mizani Yetu Waganda

Kila mjadala wa Kiswahili unapoibuka hapa Kampala, hoja ya kwanza kusikika, hasa kwa wazee wetu, ni kwamba hiyo ni lugha ya askari. Siidharau. Waliokuwepo miaka ya 1970 wanakumbuka vizuizi vya barabarani ambako amri ya kushuka garini na kulala kifudifudi ilitolewa kwa Kiswahili, na mwenye kumbukumbu hiyo ana haki ya kushtuka akikisikia.

Ninachopinga ni mizani yenyewe. Waingereza ndio waliokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kuamrishia askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo Idi Amin alijiunga nalo mwaka 1946, huku Kiingereza kikitengewa ofisi, mahakama na shule za wateule. Wala Kiingereza hakikuja mikono mitupu: mwaka 1892 Lugard, afisa wa Kiingereza, alipigana Mengo, makao makuu ya Buganda, kwa bunduki za Maxim, na wafalme Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda walipokamatwa mwaka 1899 walipelekwa uhamishoni Shelisheli. Mbona hakuna anayekiita Kiingereza lugha ya wauaji? Tumekisamehe kwa sababu kinatupatia kazi, na, jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu tumezoea kupimana utu kwacho.

Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique, aliandika mwaka 1952 jinsi mtu mweusi anavyohesabiwa kuukaribia uzungu kadiri anavyoimudu lugha ya mtawala. Kwetu kipimo hicho huanza utotoni. Katika shule moja niliona mtoto amevishwa kibao shingoni, kamba ikimkwaruza, kwa kosa la kumwuliza jirani yake kwa Kiganda penseli iko wapi. Ili akivue, ilimbidi amvizie mwenzake mwingine ateleze. Aliyemvisha ni mwalimu Mganda, aliyelelewa kwa lugha hiyohiyo. Mtoto huyo hafundishwi Kiingereza, anafundishwa kuwapeleleza wenzake na kumwonea haya mama yake.

Wanaohofia kwamba Kiswahili kitameza Kiganda, Kiacholi au Kiteso nawaelewa, lakini kibao kile hakikuvishwa kwa ajili ya Kiswahili.

Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, na Bunge ndilo lenye jukumu la kueleza kwa sheria kitumike wapi. Ningependa lianzie mahakamani, ili mfanyabiashara wa Busia, mpakani na Kenya, anayepatana bei kwa Kiswahili kutwa nzima, asisikilize kesi yake mwenyewe kupitia kinywa cha mkalimani.