Kanumba alipikwa Kaole

Mwandishi, katika makala yako umesema mwigizaji wetu wa filamu, Steven Kanumba, aliibuka ghafla alipoanza kuigiza na Wanaigeria. Hapana, ndugu yangu. Kijana alitoka Shinyanga, akajiunga na kundi la maigizo la Kaole Sanaa Group mwaka 2002, na sisi tuliokuwa tukiganda mbele ya ITV kusubiri tamthilia zao tulimwona akikua. Ile tabia yake ya kumkazia mtu macho, akanyamaza kidogo, ndipo ajibu, hakuipata Lagos. Filamu ya Dar to Lagos ilimvusha mipaka, nakubali. Lakini alipofariki Aprili 2012, na miaka yake 28 tu, umati ule uliomuaga kwenye viwanja vya Leaders Club, Dar es Salaam, ulikuwa unamfahamu tangu Kaole. Makala ijayo wahojini waliomfundisha pale, bado wengine tunao.