Kampuni Imeuzwa, Chai ya Saa Nne Je?

Siku tulipoambiwa kampuni imeuzwa tuliitwa ghalani wote, madereva, wahasibu, hadi mlinzi wa getini. Mzee, mwenye kampuni, alisimama na wageni wawili waliovaa suti katika joto la Februari la Dar, akasema maneno machache, sauti ikamkwama. Mgeni mmoja akapokea: "Hakuna kitakachobadilika." Dada wa masijala, aliyekuwa pembeni yangu, akanong'ona: "Sasa wamenunua ya nini?"

Sipo tena pale, lakini siku hizi namtetea kidogo yule mgeni. Hakudanganya. Alikuwa anazungumzia yaliyoandikwa. Hisa zikiuzwa, mwajiri kisheria ni kampuni ileile; mkataba wako, mshahara na miaka ya utumishi vinaendelea. Tatizo ni kwamba pale kwetu kilichoandikwa kilikuwa nusu tu ya makubaliano.

Hakukuwa na karatasi iliyosema ukifiwa gari la kampuni litabeba watu hadi Korogwe kuzika. Wala iliyosema dereva akiingia usiku wa manane kutoka Tunduma, kesho yake anafika saa tano na haulizwi. Chai ya saa nne na chapati, ambapo mhasibu na kuli walikaa benchi moja, ilikuwa kwenye vitabu kama "gharama ndogondogo". Wakaguzi wa mnunuzi walikaa wiki tatu wakipekua mafaili. Kwenye lile benchi hawakuketi hata siku moja.

Mwezi wa pili baada ya mauzo, gharama ndogondogo zikafutwa. Ikaletwa mashine ya chai, ikawekwa ghorofani, ambako kuli hapandi. Kikaja kifaa cha kuweka kidole, na dereva wa Tunduma akapewa barua ya onyo kwa kuchelewa. Hakugoma mtu. Ila zamani lori likikwama Chalinze saa mbili usiku, fundi alishika boksi lake la spana akaondoka. Sasa akipigiwa simu alikuwa na swali: "Nani ameidhinisha ovataimu?" Na alikuwa na haki. Yeye pia alirudi kwenye maandishi.

Kilichotumaliza zaidi ni ule muda wa kimya. Miezi mitano hakuna aliyesema nani atabaki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayetaka kupunguza watu atoe taarifa na kushauriana nao kwanza, lakini aliyekaa kimya huwa anasema bado hajaamua. Korido nzima ikawa inapiga hesabu ya kiinua mgongo: kwa uchache mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Kuna mzee wa stoo alikuwa na miaka 22 kazini. Alipoelezwa kwamba kwa hesabu hiyo 12 haihesabiki, alikunja karatasi yake, akarudi kuhesabu mizigo.

Lakini nisimpake Mzee asali. Michango yetu ya NSSF aliichelewesha miezi kwa miezi, na mkopo wa dharura ulipata kwa kadiri anavyokupenda. Likizo ya uzazi, siku 84 za kisheria, dada zetu walikuwa wakiiomba kama hisani. Wenye mali wapya walinyoosha yote hayo ndani ya robo mwaka. Kwa waliokuwa hawapendwi, ule mwaka ulikuwa wa neema, na wao hawakuililia chapati.

Nairobi nina rafiki aliyeajiriwa na kampuni ya simu iliyouzwa na kubadilishwa jina, mwenye fulana nne kabatini: Kencell, Celtel, Zain, Airtel. Majina manne kati ya 2000 na 2010, yeye kwenye kiti kilekile. Bharti, wenye Airtel, waliponunua shughuli za Zain katika nchi 15 za Afrika mwaka 2010, kwa dola bilioni 10.7, walikuja na mtindo wao wa India wa kukabidhi kazi kwa wakandarasi: mitambo kwa Ericsson, Nokia Siemens na Huawei, simu za wateja kwa akina IBM na Tech Mahindra. Wapo walioamka wakiwa waajiriwa wa mtu mwingine, kazi ileile. Rafiki yangu akiosha gari huvaa ya Celtel. Nilidhani ni mapenzi. Akaniambia ni kitambaa.

Ningekuwa mshauri wa mnunuzi yeyote, ningemwomba siku moja tu, kabla ya kusaini, akae na mafundi na madereva saa nne asubuhi na kuuliza: mmezoeana vipi hapa? Akitaka kufuta, afute akijua anachofuta, na awaambie.

Juzi nilikutana na dada wa masijala Kariakoo. Kampuni imeuzwa tena. Nikamuuliza safari hii wageni walisemaje pale ghalani.

"Ghalani gani?" akacheka. "Tumesoma kwenye WhatsApp."