Miungu ya kujitungia: tuanze na orodha au tuanze na madhabahu?

Mchezaji anayechagua kuwa kuhani huwa na swali moja kabla dadu haijarushwa hata mara moja: mungu wangu ni nani? Katika Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974 na kuzaa sehemu kubwa ya michezo ya kuigiza wahusika tunayoicheza mezani leo, swali hilo halikwepeki. Uwezo wa kuhani wa kuponya majeraha na kuwafukuza wafu wanaotembea unatoka kwa mungu anayemtumikia. Kwa hiyo anayeendesha kampeni, yaani hadithi moja inayochezwa kwa vikao vingi, katika dunia aliyojitungia mwenyewe, badala ya kununua iliyochapishwa, atalazimika kutunga miungu mapema sana. Hapo ndipo waendeshaji tunapogawanyika.

Kuna wanaoanzia juu. Wanakaa na daftari wakaandika ukoo mzima: baba wa wote, watoto wake, nani alimwoa nani, nani alimsaliti nani. Kila mmoja anapewa nyanja yake, vita au kifo au mavuno, pamoja na alama, rangi na silaha. Na kuna wanaoanzia chini. Hawa hawana ukoo wowote. Wana kijiji kimoja, kisima kimoja, na bibi anayemwaga maziwa kando ya kisima kila alfajiri. Maziwa yale ni ya nani, watajua kadiri mchezo unavyokwenda.

Mimi ni wa hawa wa pili. Lakini wa kwanza wana hoja, na nimewahi kuumia kwa kuzipuuza.

Hoja yao ya kwanza ni kanuni zenyewe. Kitabu cha wachezaji cha toleo la tano, cha mwaka 2014, kinampa kuhani nyanja saba za kuchagua: Maarifa, Uhai, Mwanga, Maumbile, Tufani, Hila na Vita. Aliyechagua Tufani leo anataka jina la kuliita leo. Ukimwambia asubiri tuone, umemwacha na mhusika nusu. Hoja ya pili ni nzito zaidi: dini haikai peke yake. Inagusa kalenda, viapo, majina ya watoto, mazishi, hata siku ya soko. Mwendeshaji asiye na mpango atasema kwenye kikao cha tatu kwamba watu wa mji huu huchoma maiti zao, kisha kwenye kikao cha tisa akawapeleka wachezaji makaburini. Wachezaji hawasahau mambo kama hayo. Na tena ugomvi wa miungu ni chanzo kizuri cha visa. Ukiupanga mapema, una akiba ya miezi.

Kinachonisumbua ni aina ya miungu inayozaliwa na orodha. Mara nyingi hutoka kama baraza la mawaziri: waziri wa vita, waziri wa bahari, waziri wa afya, kila mmoja na ofisi yake isiyoingiliana na ya mwenzake. Mchezaji anajua mungu anasimamia nini, lakini hajui mkulima anampelekea nini, siku gani, na akikosea hupatwa na nini.

Kuna kosa jingine ndani yake, na sisi tuliolelewa misikitini na makanisani tunalifanya bila kuhisi. Tunachukua desturi yetu ya kumwabudu Mungu mmoja kwa moyo wote, tunaipandikiza kwenye dunia ya miungu mingi. Basi kila mhusika anakuwa mfuasi wa mungu mmoja na kuwaacha wengine wote, utadhani kila hekalu ni dhehebu. Watu walioishi na miungu mingi hawakuishi hivyo. Mrumi wa kale alikuwa na walinzi wa nyumba yake, Lares, akawapa sehemu ya chakula nyumbani. Akisafiri baharini alikuwa na wa kumwomba, mkewe akijifungua alikuwa na mwingine. Walikwenda kulingana na haja. Kuhani anaweza kufungwa na mungu mmoja kwa kazi yake, lakini mvuvi wa kawaida katika dunia yako anapaswa kuwa na deni dogo kwa wengi.

Anayetaka kuona miungu iliyokua na watu wake hana haja ya kupanda meli hadi Ugiriki. Buganda inatosha. Katonda ndiye muumba, lakini wanaoendewa kwa shida za kila siku ni balubaale, miungu walio karibu na watu (mmoja huitwa lubaale). Mukasa ni wa ziwa, lile ambalo Waganda huliita Nalubaale, na hekalu lake kuu lilikuwa Bubembe katika visiwa vya Ssese. Ukimpanga kwenye orodha utamwandikia "maji" ukamaliza. Watu wake, hata hivyo, walimwendea pia kuomba watoto. Walumbe ni kifo, na simulizi inasema alikimbilia ndani ya ardhi pale Ttanda, ambako mashimo yanaonyeshwa hadi leo. Kifo kina anwani! Unaweza kutembea ukafika.

Ila anayenifundisha zaidi ni Kibuuka, lubaale wa vita. Simulizi za Waganda zinasema Kabaka Nakibinge, akiwa vitani na Bunyoro, aliomba msaada Ssese, akapewa Kibuuka, ndugu yake Mukasa. Kibuuka alipigana akiwa juu, ndani ya wingu, akirusha mishale chini. Alikuwa ameonywa asiwe na mahusiano na wanawake mateka wa Kinyoro. Hakuonyeka. Mateka mmoja akaijua siri yake, akatoroka usiku, akawaambia watu wake wapige mishale kwenye wingu. Kibuuka akapigwa, akaangukia juu ya mti mkubwa huko Mbaale, Mawokota, akafa. Hekalu lake likawa huko.

Tazama kilichomo humo. Mfalme ana deni kwa visiwa. Pana mwiko, na mwiko ukavunjwa. Pana mti unaojulikana ulipokuwa. Na mungu mwenyewe alikufa, wala hilo halikumzuia kuendelea kuombwa kabla ya vita. Yule anayeandika "Kibuuka, nyanja: vita, silaha: upinde" hajasema uongo, lakini ametupa kila kitu ambacho mchezaji angekishika mkononi.

Katika kampeni yangu, ya visiwa na miamba, nilijaribu njia hiyo. Nilianza na mwamba mmoja tu wa bahari wenye madhabahu ambayo huonekana maji yakipwa sana, wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Siku za maji mafu hakuna anayeifikia. Aliyeko pale nikamwita Mwana Bamvua. Sikuandika anasimamia nini. Wachezaji walipohitaji kula kiapo mbele yake, ilibidi wasubiri siku sita huku adui akikaribia, na siku hizo sita zikawa kikao kizuri kuliko vyote tulivyowahi kuwa navyo. Baadaye mmoja akauliza kwa nini watu wa pwani ile hulipana madeni siku za bamvua. Nikajibu kwa kile ninachokijua: ndizo siku ambazo watu hutembea mwambani wakachokoa pweza, kwa hiyo ndizo siku za kuwa na kitu mkononi. Tangu siku hiyo Mwana Bamvua akawa mlinzi wa madeni. Mimi peke yangu mezani nisingelifikiria hilo, na orodha yoyote ingempa bahari.

Njia hii iliniuma pia. Mungu wa kijiji cha tatu alitoka kama kivuli cha yule wa kwanza, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilikuwa nabuni papo hapo. Kisha mhusika mmoja akafa. Mwenzake, kuhani, akauliza roho imekwenda wapi na kama anaweza kuifuata. Sikuwa na jibu. Tulisimama nusu saa, huzuni yote ya kifo kile ikapoa tukijadiliana kanuni. Hapo watu wa orodha walikuwa sahihi kabisa. Siku hizi naandika mapema mambo matatu bila kuyaacha wazi: wafu huenda wapi, sala hujibiwa kwa njia gani, na ugomvi mmoja mkubwa ambao hata watoto wanaujua. Mengine naacha mezani.

Hilo la sala hujibiwaje lina mjadala wake, na dunia zilizochapishwa zimejibu kwa namna zinazopingana. Katika Forgotten Realms, iliyotoka mwaka 1987, miungu inajulikana kuwa ipo. Imewahi kutembea ardhini, na nguvu zake zinategemea waumini wake. Eberron ya mwaka 2004 imekwenda kinyume: hakuna mwenye ushahidi kwamba miungu ipo, kuhani anapata uwezo kutokana na imani yake, na kuhani fisadi anaweza kubaki nao. Dark Sun ya mwaka 1991 haina miungu kabisa.

Miungu iliyo wazi ina faida ya haraka: radi ikijibu sala, kila aliyeko mezani anashtuka. Lakini ikishajulikana hivyo, imani inakuwa taarifa tu. Mzushi anakuwa mtu asiyejua habari. Na wachezaji watauliza, kwa haki, kwa nini mungu mwenyewe asimalize kazi hii. Shaka inaleta mifarakano, manabii wa uongo na kuhani anayelia usiku. Ubaya wake ni kwamba mchezaji wa kuhani anaweza kujiona amedanganywa, kwamba wenzake wana panga halisi na yeye ana matumaini. Mimi napendelea majibu yanayopitia kwa mtu. Mungu anapanda kichwani mwa mganga, anasema, na maneno yake yanaweza kusikiwa vibaya au kufasiriwa na mwenye njaa ya cheo. Sala imejibiwa, na mgogoro umebaki hai.

Je, tuchukue miungu halisi ya kwetu tuiweke mezani kwa majina yake? Hapa nilibadili msimamo. Zamani nilisema ndiyo, kwa nguvu, kwa kuwa nilichoshwa na meza zilizojaa Zeus na Thor zinazochezwa na vijana wa Kampala na Mombasa. Kiu hiyo bado ninayo. Lakini Mukasa ana watu wanaomheshimu leo. Kitabu cha miungu kilichotolewa kwa mchezo huu mwaka 1980 kiliipa miungu pointi za uhai, zile zinazopungua kwa kila pigo hadi mhusika afe, kama majoka, ikiwemo ile ya Wahindu, dini ya mamilioni ya watu walio hai. Kumpa Kibuuka pointi mia nne ili kundi la wachezaji wamkate ni kufanya yale yale kwa jirani. Kinjikitile Ngwale, nabii wa vita vya Maji Maji, na Hongo, pepo aliyempanda huko Ngarambe, siwagusi kabisa; watu walikwenda mbele ya bunduki kwa ajili ya maji yale ya dawa, kuanzia mwaka 1905. Nachukua mifupa, yaani mwiko, mahali, deni la mfalme, kisha nyama na jina natunga mwenyewe.

Liko pia la dhamiri ya mchezaji, na sipendi linavyopuuzwa. Wapo Waislamu na Wakristo ambao kumwombea mhusika wao kwa mungu wa kutunga, hata kwa mchezo, kunawakwaza kweli. Kuwaambia "ni hadithi tu" hakusaidii, maana wanajua ni hadithi. Wengine huridhika ukijenga dunia yenye Muumba mmoja aliye mbali, na chini yake walinzi wa mahali, muundo ambao nusu ya simulizi za kwetu unao tayari. Wengine bado hapana. Mmoja wao yuko mezani kwangu. Tulikaa tukazungumza kabla ya kampeni kuanza, akachagua kuwa mzamiaji asiyeomba kwa yeyote. Ndiye anayeujua mwamba kuliko wote, na kila bamvua ndiye anayewavusha wenzake hadi kwenye madhabahu, kisha anakaa ndani ya ngalawa na mgongo wake kwao, akiwangojea wamalize kabla maji hayajarudi.